Faragha ya mwananchi katika huduma za serikali mtandaoni: wajibu wa kwanza ni wa taasisi

Mtu akichukizwa na maswali ya duka la mtandaoni, anaweza kufunga ukurasa na kwenda kununua kwingine. Mwananchi anayeomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, pasipoti, leseni ya udereva au namba ya mlipakodi hana nafasi hiyo, kwa sababu mamlaka inayotoa hati hizo ni moja tu na sehemu nyingi za fomu yake ni za lazima kujazwa. Akiulizwa dini, hali ya ndoa au namba ya simu ya ndugu wa karibu atajibu, hata kama haoni swali hilo linahusiana vipi na hati anayoiomba, maana asipojibu mfumo hautamruhusu kwenda ukurasa unaofuata. Kwa hiyo tiki anayoiweka kwenye kisanduku cha "Nakubali masharti" haiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa kamili. Ridhaa ya kweli huwapo pale tu ambapo mtu anaweza kukataa bila kupoteza haki yake.

Katika elimu inayotolewa kwa umma kuhusu usalama mtandaoni, mara nyingi mzigo wote hutwishwa mtumiaji: achague nywila imara, asimpe mtu namba yake ya siri, ajihadhari na matapeli. Ushauri huo ni sahihi na nitaugusa hapa chini, lakini haufiki kwenye kiini cha suala. Nywila imara haimlindi mtu ambaye taarifa zake zimekusanywa kupita kiasi, zimehifadhiwa bila kikomo na zimeachwa wazi kwa kila mtumishi mwenye kompyuta ya ofisi. Kwa kuwa serikali ndiyo inayomlazimu mwananchi kutoa taarifa, serikali ndiyo yenye wajibu wa kwanza wa kuzilinda.

Msingi huu una umri mrefu kuliko intaneti tunayoitumia. Jimbo la Hesse nchini Ujerumani lilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa mwaka 1970, na mwaka 1973 Sweden ikatunga sheria ya kwanza ya aina hiyo kwa nchi nzima, wakati ambapo kompyuta zilikuwa mali ya serikali na mashirika makubwa. Tarehe 15 Desemba 1983, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, ikiamua kesi iliyotokana na sensa ya watu, ilieleza kuwa mtu ana haki ya kuamua juu ya matumizi ya taarifa zinazomhusu, na kwamba kompyuta zinapoweza kuunganisha kumbukumbu za aina mbalimbali, hakuna tena taarifa ya mtu inayoweza kudharauliwa kuwa ni ndogo.

Wapo watakaoona kuwa mahakama hiyo ilitia chumvi. Lakini katika miaka ya 1990, tume iliyosimamia bima ya watumishi wa jimbo la Massachusetts, Marekani, ilitoa kumbukumbu za matibabu kwa ajili ya utafiti, baada ya kuondoa majina na anwani ili wagonjwa wasijulikane. Mtafiti Latanya Sweeney alichukua mambo matatu yaliyobaki, yaani tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta, akayalinganisha na daftari la wapiga kura, na kwa njia hiyo akaipata rekodi ya gavana wa jimbo, William Weld. Baadaye alikadiria kuwa mambo hayo matatu peke yake yanaweza kumtambulisha takribani asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Taasisi inayotangaza kuwa takwimu zake "hazina majina" bado haijathibitisha kuwa watu waliomo ndani yake hawawezi kutambulika.

Ndiyo maana swali ninalolipa uzito kuliko yote, kila ninaposoma fomu mpya ya huduma, ni hili: taarifa hii inahitajika kwa kazi gani? Taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuibwa, haiwezi kuuzwa na haiwezi kupotea. Tukio lililotokea Uingereza mwaka 2007 linaonyesha jambo hili kwa uchungu. Mamlaka ya mapato ya nchi hiyo iliombwa na ofisi ya taifa ya ukaguzi iipelekee takwimu za malipo ya watoto. Wakaguzi walitaka taarifa chache tu, na walieleza kuwa hawahitaji taarifa za benki wala anwani. Kwa kuwa kuzichuja kungeleta gharama ya ziada, kanzidata nzima, yaani hifadhi yote ya kumbukumbu hizo, ilinakiliwa kwenye diski mbili na kutumwa kwa huduma ya vifurushi bila kusajiliwa. Diski hazikufika. Zilibeba majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za bima ya taifa na, pale zilipokuwapo, taarifa za akaunti za benki za watu milioni 25, zaidi ya theluthi moja ya watu wote wa nchi hiyo. Zilikuwa na nywila, lakini taarifa zilizokuwamo hazikuwa zimesimbwa kwa njia fiche, yaani hazikugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo maalumu. Mwenyekiti wa mamlaka hiyo alijiuzulu. Hapakuwa na mdukuzi yeyote katika kisa hiki, ila ofisi iliyoona ni nafuu kutoa kila kitu kuliko kutoa kinachohitajika.

Mahakama nazo zimeanza kulisimamia jambo hili. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya, katika shauri juu ya mfumo wa taifa wa utambulisho, ilikataza ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali halisi pa makazi ya mtu kwa GPS, kwa kuwa uliingilia faragha bila ulazima. Oktoba 2021 mahakama hiyohiyo ikaamua kuwa kadi zilizotokana na mfumo huo zilianza kutolewa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa taarifa binafsi, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2019. Tathmini hiyo ni kazi ya kawaida kabisa: kabla ya kujenga mfumo, taasisi huandika itakusanya nini, kwa sababu gani, nani atakiona, kitahifadhiwa kwa muda gani, na nini kitampata mwananchi kikivuja. Mfumo ukishajengwa na mamilioni ya watu wakishasajiliwa, maswali hayo huja kwa kuchelewa na marekebisho yake huwa ghali.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa alama za mwili. Mwaka 2015 ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu ya Marekani ilitangaza kuwa wadukuzi wameiba taarifa za uchunguzi wa kiusalama za watu milioni 21.5, na alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6. Nywila ikivuja unabadilisha. Kadi ikiibwa unapewa nyingine. Vidole havina badala. Taasisi inayotaka alama za vidole kwa huduma ambayo ingeweza kutolewa kwa namba na nywila inamwekea mwananchi hatari ya maisha yake yote kwa ajili ya urahisi wake yenyewe.

Ujenzi wa mfumo wenyewe pia unaweza kumvua mtu nguo hadharani. Chukua anwani ya ukurasa unaofunguka mtu anapopakua hati yake, ikiwa inaishia na namba kama 10457. Mfumo uliojengwa vizuri, anwani hiyo ikifunguliwa na mtu mwingine, huuliza kwanza: je, huyu ana haki ya kuona hati hii? Mfumo uliojengwa vibaya hauulizi; ukibadilisha 7 kuwa 8 unaletewa hati ya mtu usiyemjua. Katika jimbo la Nova Scotia, Kanada, mwaka 2018, kijana wa miaka 19 alipakua nyaraka zipatazo 7,000 kutoka tovuti ya serikali kwa kubadilisha namba hizo tu, na takribani 250 zilikuwa na taarifa binafsi ambazo hazikupaswa kuonekana na umma. Polisi walikwenda kupekua nyumba yao, kisha wakaamua kutomfungulia mashtaka. Kasoro ya aina hii hugunduliwa kwa jaribio la dakika chache, na haivumiliki katika mfumo unaojengwa kwa fedha za umma.

Hata hivyo, kikulacho ki nguoni mwako. Sehemu kubwa ya uvunjaji wa faragha hutokea kimyakimya ndani ya ofisi, ambapo mtumishi mwenye ruhusa halali ya kuingia kwenye mfumo anatafuta jina la jirani, la mchumba wa zamani au la mtu aliyezungumzwa kwenye habari. Hakuna kufuli linalomzuia, kwa kuwa funguo anazo. Kinachomzuia ni kujua kuwa kila mara anapofungua rekodi, jina lake, saa na sababu ya kuifungua vinaandikwa mahali ambapo hawezi kufuta, na kwamba mtu mwingine atazipitia kumbukumbu hizo. Estonia imekwenda mbele zaidi. Tangu mwaka 2001 taasisi za nchi hiyo zimekuwa zikiulizana taarifa kupitia mfumo uitwao X-Road, bila kuzirundika zote kwenye kanzidata moja, na mwananchi anaweza kuingia kwenye tovuti ya huduma za serikali akaona ni taasisi ipi iliyoziangalia taarifa zake. Kwa maoni yangu, hakuna kinga inayomheshimu mwananchi kuliko hiyo, kwa sababu inampa uwezo wa kuuliza: "Mlikuwa mnatafuta nini?"

Kuulizana huko kunahitaji mipaka. Ofisi inayotaka kujua kama mwombaji ametimiza miaka 18 haihitaji kuletewa tarehe yake ya kuzaliwa, picha na majina ya wazazi wake. Mfumo wa utambulisho unaweza kujibu "ndiyo" au "hapana", na kazi ikaisha. Vilevile taarifa aliyoitoa mgonjwa ili atibiwe haipaswi kutumiwa na ofisi nyingine kwa shughuli nyingine bila msingi wa kisheria. Watu wakianza kushuku kuwa kila wanachomweleza daktari kinasomwa kwingine, wataacha kusema ukweli, au wataacha kwenda hospitali.

Sasa nije kwa mwananchi mwenyewe. Hatari kubwa kwake, hasa asiye na simu janja au asiyezoea kompyuta, ni kumtegemea mtu mwingine amjazie fomu. Kusaidiwa si kosa, na wapo wasaidizi waaminifu wengi. Lakini msaidizi hahitaji kubaki na nywila yako baada ya kazi. Andika nywila mwenyewe, au uibadilishe mara tu unapopata nafasi. Kabla ya kuondoka kwenye kompyuta ya watu wengi, hakikisha umetoka kwenye akaunti kwa kubonyeza sehemu ya kutoka, kwa sababu kufunga dirisha peke yake hakutoshi. Kisha fungua folda ya mafaili yaliyopakuliwa: mara nyingi utakuta humo nakala ya kitambulisho chako na cheti ulichopakua, pamoja na vya watu waliokutangulia. Futa vya kwako, na uvifute pia kwenye pipa la taka la kompyuta.

Namba ya siri ya muda inayotumwa kwa ujumbe mfupi ni ya kuandikwa na wewe mwenyewe kwenye ukurasa ulioufungua mwenyewe. Mtu akikupigia akijitambulisha kuwa ni afisa na akaitaka, kata simu, kisha itafute ofisi hiyo kwa namba iliyotangazwa rasmi. Usifungue huduma kwa kiungo ulichotumiwa na mtu. Andika anwani ya tovuti kwa mkono na utazame mwisho wa jina lake, kwa mfano .go.ke au .go.tz, ambao hutengwa kwa taasisi za umma. Alama ya kufuli kwenye kivinjari inathibitisha tu kuwa mawasiliano yamesimbwa. Haithibitishi kuwa mwenye tovuti ni mwaminifu, na matapeli nao huipata. Unapotoa nakala ya kitambulisho, andika juu yake imetolewa kwa nani, kwa ajili gani na tarehe gani, ili isiweze kutumika kirahisi kwa jambo jingine.

Pamoja na tahadhari hizo, zitumie haki zako. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya usalama mtandaoni na ulinzi wa taarifa binafsi, uliopitishwa Malabo mwaka 2014, ulianza kutumika Juni 2023. Kwa ujumla sheria za namna hii humpa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizoko ofisini, kudai zirekebishwe zikiwa na makosa, na kulalamika kwa mamlaka ya usimamizi. Sheria za Umoja wa Ulaya na za Kenya zinataka mamlaka ya usimamizi ijulishwe ndani ya saa 72 taarifa zinapovuja, na mwenye taarifa naye aelezwe pale anapokabiliwa na hatari.

Ombi la kutaka kujua halihitaji wakili. Andika jina lako na namba ya huduma uliyopewa, eleza kuwa unaomba kujulishwa ni taarifa zipi zako zimehifadhiwa, zilitoka wapi, zimepelekwa kwa nani na zitafutwa lini. Usiambatishe nyaraka nyingine za utambulisho zaidi ya zile zinazotosha kuthibitisha kuwa wewe ndiye mwombaji. Weka nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Ofisi ikikataa, omba kukataa huko kuwe kwa maandishi na kutaje kifungu cha sheria kilichotumika, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo mamlaka ya usimamizi itakayoanza nayo inapolichunguza lalamiko lako.