Kalomeli: dawa ya zamani iliyohamia kwenye krimu

Daktari Livingstone alipopita Unguja mwaka 1866, dawa yake ya homa ilikuwa ishajulikana: kwinini, rubabu na jalapa (mizizi ya kuharisha), na kalomeli, vikikandwa kwa spiriti ya iliki. Iliyotibu malaria ni kwinini. Kalomeli, yaani kloridi ya zebaki, iliharisha tu. Madaktari wa Ulaya na Marekani wa enzi hizo waliamini mgonjwa akiharisha vya kutosha, maradhi hutoka. Wengine waliendelea kuitoa mpaka mate yakamwagika na meno yakalegea, wakahesabu kuwa dawa imekubali. Ilikuwa sumu ya zebaki.

Ni unga mweupe, hauna harufu, na hauyeyuki kirahisi majini, kwa hiyo ulionekana mpole. Uingereza walipewa hata watoto wanaoota meno, ndani ya unga wa kutuliza meno. Baadhi yao viganja na nyayo vilivimba vikawa vyekundu, ngozi ikababuka, wakawa hawalali na hawataki mwanga. Unga ule wa meno ulipoondolewa kalomeli miaka ya 1950, maradhi yale yakakaribia kutoweka.

Leo kalomeli tunaikuta kwenye krimu za kujichubua. Zebaki huzuia utengenezaji wa melanini, rangi ya ngozi, na tusidanganyane: mtumiaji huuona weupe. Lakini hupenya ngozi na kujikusanya kwenye figo. Mkojo hutoa povu, uso na miguu huvimba, mikono hutetemeka, usingizi hukatika. Mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka naye hupata sehemu yake, kupitia ngozi, taulo na shuka.

Bibi harusi anayeongeza krimu juu ya singo na liwa aisome chupa kwanza. Tafuta "calomel", "mercurous chloride", "mercuric" au "mercury". Kuna onyo jingine ambalo wengi hulipita: usiguse dhahabu, fedha wala alumini. Zebaki hushikamana na dhahabu na kuifanya nyeupe, na muuzaji anaihurumia bangili kuliko figo zako. Kopo lisilo na maandishi kabisa (mikorogo mingi ndivyo ilivyo) ni maabara tu inayoweza kulisemea.

Ukiwa na kopo lenye maneno hayo au onyo hilo, au lisilo na maandishi, acha kulitumia, lifunge ndani ya mfuko, usilimwage kwenye karo wala kulichoma moto, kwa sababu moshi wake hubeba zebaki. Lipeleke Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Mwenye dalili aende nalo hospitali, amwambie daktari amelitumia kwa muda gani. Zebaki hupimwa kwenye mkojo.