Saa tatu hewani, saa kumi na mbili kazini

Nikikaa na watu wasio wa kazi hii, swali huwa ni lile lile: "Kapteni, hivi mnakunja milioni ngapi?" Nami huwauliza: kwa saa ipi?

Maana rubani ana saa za aina mbili. Kuna saa za kuruka, zinazoanza ndege inapojongea kutoka maegesho na kuisha inaporudi kusimama. Na kuna saa za zamu, zinazoanza unaporipoti uwanjani. Wapo waajiri wanaokupa mshahara wa msingi mwembamba, kisha posho kwa saa za kuruka tu.

Nilianza na Cessna Caravan, ndege ndogo, Dar es Salaam kwenda Unguja na kurudi. Ni dakika 20 hivi hewani. Naripoti saa kumi na moja alfajiri, nazunguka ndege na tochi, nachota mafuta kidogo chini ya bawa kwenye kichupa na kukiinua kwenye mwanga kuona kama kuna maji. Halafu inaanza vita ya mizigo: begi ambalo mwenyewe ameapa ni kilo 15, mzani unasema 27. Halafu kusubiri. Wageni wamechelewa hotelini, mvua imefunga upande wa Unguja, gari la mafuta halionekani. Siku ya watalii wengi nilikuwa natua mara nane. Jioni kitabu changu cha saa za kuruka kinasoma saa 3 kasoro, mwili unasoma 12, na posho inafuata kitabu. Konda wa daladala hahitaji kuelezwa zaidi.

Sheria haijalala, tuseme ukweli. Ulaya rubani hapiti saa 900 za kuruka kwa mwaka, Marekani 1,000, na kote huko 100 ndani ya siku 28. Muda wa zamu nao una kikomo, na kikomo hupungua kadiri unavyotua mara nyingi au unavyoanza usiku. Kitu ambacho sheria haikipimi ni umelala wapi jana, na kwa nini umelala huko.

Kwa hilo, ajali ninayowasimulia marubani wapya ni ya ndege ya shirika la Colgan Air, safari namba 3407, tarehe 12 Februari 2009, karibu na Buffalo, Marekani. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba ndege ilipoangukia. Usukani ulipotetemeka kuonya kwamba mwendo umepungua mno, kapteni aliuvuta kwake badala ya kuusukuma mbele. Mkono ulikosea, hilo halina ubishi, na ndilo wachunguzi waliloliandika kuwa chanzo.

Lakini rudi nyuma saa 24. Rubani msaidizi, binti wa miaka 24, kituo chake cha kazi kilikuwa Newark, karibu na New York, na makazi yake upande wa Seattle, pwani ya pili ya bara. Alisafiri usiku kucha kwa kuomba lifti kwenye ndege za mizigo kupitia Memphis, akafika asubuhi, akajinyoosha kwenye chumba cha wafanyakazi. Kapteni naye alikuwa amelala humo humo. Binti alikuwa na mafua, na kinasa sauti kilimnasa akieleza kwamba akijitangaza mgonjwa itabidi ajilipie hoteli. Mshahara wake uliotajwa kwenye kikao cha uchunguzi ulikuwa kama dola 16,000 kwa mwaka. Kampuni baadaye ikasema ni zaidi ya hapo. Hata ungekuwa 20,000, chumba karibu na Newark angekipangaje?

Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi naye akatakiwa kuwa na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida ni saa 1,500. Mimi hili hunichekesha kidogo. Kapteni wa ndege ile alikuwa na zaidi ya saa 3,000, msaidizi zaidi ya 2,000. Kigezo kipya wangekipita wote wawili! Kilichonigusa zaidi ni kanuni za mapumziko zilizoanza Januari 2014: saa 10 kati ya zamu na zamu, ndani yake nafasi ya kulala saa 8. Kigezo cha 1,500 kilisaidia kwa mlango wa nyuma. Marubani wakawa adimu, na kufikia 2022 mashirika madogo kama Piedmont na Envoy yalikuwa yanampa mgeni kama dola 90 kwa saa, nyongeza za muda zikiwemo.

Huku kwetu mgomo wa marubani wa Kenya Airways, Novemba 2022, ulipokewa kwa matusi. Abiria walikwama Nairobi, nawaelewa. Moja ya hoja kubwa ilikuwa michango ya mfuko wa kustaafu iliyositishwa, na mtaani watu wakauliza mtu mwenye mshahara ule analilia nini. Wanasahau kwamba leseni yetu imebebwa na cheti cha afya. Daktari akisema moyo unaruka mapigo, unashuka ndege siku hiyo hiyo, hata una miaka 38. Ndiyo maana kuna watu wanaficha ugonjwa. Nimewahi kuruka na mafua mimi, na wakati wa kushuka sikio lilichoma hadi machozi yakatoka. Siku ya ugonjwa haikuwa na posho, na kodi ya nyumba ilikuwa Ijumaa.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia mkataba wake wa kwanza. Nikaruka ukurasa wa mshahara, nikaenda kwenye kipengele cha kufungwa na kampuni: ufanye kazi miaka mitatu, au urudishe gharama zote za mafunzo. Ugonjwa: mstari mmoja. Usafiri wa alfajiri: hakuna. Nikamwambia aulize, zamu ya saa kumi na moja atafikaje uwanjani kutoka Mbagala, na nani analipa.

"Nikiuliza hivyo si wataniona msumbufu, Kapteni?"

Aliuliza. Siku ya sita leo, hawajamjibu, na hajasaini.