Wasifu wa kazi ni nini hasa?

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania yana sharti linalojirudia: mwombaji aambatishe wasifu binafsi wenye anwani na namba za simu zinazotumika, pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Lakini kabla ya kufika kwenye masharti utakuta vichwa viwili, majukumu ya kazi na sifa za mwombaji. Wengi huvipitia juu juu, wakakimbilia kuambatisha. Maana ya wasifu imelala kwenye kile kichwa cha sifa.

Sifa, sifu, wasifu: huo ni ukoo mmoja wa maneno uliotujia kutoka Kiarabu, na kiini chake ni kueleza kitu kilivyo. Shuleni tulifundishwa kwamba wasifu ni habari za mtu zilizoandikwa na mwingine, na tawasifu ni za anayejiandika mwenyewe. Kwa kanuni hiyo CV ingekuwa tawasifu, ila matumizi yameshaamua. Vitabuni utakuta wasifukazi, ofisini wasifu binafsi, mtaani ni CV tu basi.

Kirefu cha CV ni Kilatini, curriculum vitae, yaani mwenendo wa maisha, na nahisi jina hilo ndilo lililotuponza. Mtu akisikia maisha, anaanza na kijiji alikozaliwa, shule ya msingi, dini, hali ya ndoa. Mwajiri hakuuliza hayo. Ametaja sifa tano, anataka kuona unazo ngapi na umezipatia wapi. Wasifu ni jibu la tangazo fulani, ndiyo maana wasifu mmoja uliotumwa sehemu ishirini bila kuguswa haujibu hata moja.

Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, alilijua hili zamani. Miaka ya 1480 aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Akaorodhesha madaraja mepesi ya kubeba, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa, na namna ya kuondoa maji kwenye mahandaki ngome ikizingirwa. Uchongaji na uchoraji vikaja karibu na mwisho, kwa maneno machache. Si kwamba alikuwa amesahau kazi ya mikono yake. Alijua anayemwandikia ana maadui.

Mwaka 2018 kampuni ya Ladders ya Marekani ilifuatilia macho ya watu wanaochuja maombi, ikakuta wanautazama wasifu kwa mara ya kwanza kwa wastani wa sekunde 7.4. Mimi nimewahi kukaa upande ule wa meza na rundo la maombi mbele yangu. Saa sikushika, ila ukishafika la arobaini jicho linatafuta mambo matatu tu: huyu kazi ya mwisho alifanya nini, wapi, kwa muda gani. Kwa hiyo la karibuni likae juu, la zamani lishuke chini.

Tuseme anatafutwa mtunza stoo. Sentensi niliyokutana nayo mara nyingi ni hii: "Nilihusika na shughuli mbalimbali za stoo." Hata panya wa stoo anahusika. Mwingine akiandika: "Kwa miaka 2 nilitunza stoo ya vifaa vya ujenzi peke yangu, nilipokea mzigo, nilijaza leja, nilihesabu mali kila mwisho wa mwezi na kumpelekea mhasibu taarifa," hajajisifu hata kidogo, lakini nimeshamwona yuko mlangoni, kalamu sikioni, anahesabu mifuko ya saruji. Kama mifuko iliyokuwa ikipotea ilipungua kutoka 15 kwa mwezi hadi 3, aiweke hiyo, mradi leja inamuunga mkono. Siku ya usaili ataulizwa alijuaje.

Sifa ina sura yake nyingine, majisifu. "Mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Mwizi naye huandika mwaminifu. Maneno hayo yafute, nafasi yake iandikwe kazi iliyofanyika.

Na asiyewahi kuajiriwa? Fildi ya chuo ni kazi. Kujitolea ni kazi. Duka la shangazi nalo ni kazi, kama wewe ndiye uliyeshika daftari la madeni na kuagiza bidhaa. Liandike kwa lugha ileile ya stoo, bila aibu na bila kulivisha cheo cha meneja.

Kuhusu sura ya karatasi sina mengi. Kurasa mbili zinamtosha anayeanza. Marekani na Uingereza picha, umri na ndoa haviwekwi. Na kwa kuwa siku hizi kampuni kubwa huanza kuyapitisha maombi kwenye programu ya kompyuta, majedwali na urembo mwingi huweza kuichanganya. Hatari niionayo mimi ni kompyuta ya steshenari: kuna faili moja pale, kila mteja anabadilishiwa jina, mengine yanabaki. Ndiyo maana waombaji watatu wasiojuana wote wanapenda "kusoma, kutazama mpira na kubadilishana mawazo". Mmoja alibakishiwa hadi namba ya simu ya mteja aliyemtangulia. Nilipopiga, aliyepokea alikuwa ameshapata kazi kwingine.

Wadhamini wale watatu nao ni sehemu ya wasifu, ingawa wengi huwajaza mwishoni kama mhuri. Mhadhiri aliyefundisha mamia ya wanafunzi hakukumbuki kwa jina tu. Nilishampigia mmoja nikamtajia mwombaji, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Huyo alikuwa wa mwaka gani?" Siku unayomwomba akudhamini, mtumie wasifu wako pamoja na tangazo lenyewe, ili simu ikiita awe na la kusema.