Saruji ya Mtwara Ikifika Moroni: Namna Nchi ya Visiwa Inavyohesabu Biashara Yake ya Nje

Shehena moja ya saruji ikipakiwa bandari ya Mtwara kwenda Moroni, mji mkuu wa Komoro, huzaa takwimu mbili. Tanzania inaiandika kama mauzo ya nje, Komoro inaiandika kama uagizaji. Anayezilinganisha atakuta hazilingani, na wengi hukimbilia kusema kuna aliyedanganya. Udanganyifu upo, lakini sehemu kubwa ya tofauti inatokana na kanuni zenyewe za kuhesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mifuko 4,000 ya kilo 50 ni tani 200. Tuseme bei mpaka mzigo uwe umepakiwa melini ni dola 80 kwa tani. Hiyo ni thamani ya FOB, dola 16,000, ndiyo inayoingia katika takwimu za Tanzania. Nauli ya bahari dola 30 kwa tani inaongeza 6,000, na bima 220. Komoro itaandika dola 22,220, yaani thamani ya CIF, kwa sababu nchi inayoagiza huhesabu bidhaa pamoja na gharama za kuifikisha mpakani mwake. Tofauti ni karibu asilimia 39, na hakuna aliyekosea.

Kwa miaka mingi wachambuzi wamezoea kukadiria kuwa CIF inazidi FOB kwa asilimia 10. Kwa simu za mkononi hata asilimia 10 ni nyingi mno. Kwa saruji, mchele au mafuta yanayokwenda visiwani ni kidogo mno, maana bidhaa ni nzito, bei yake ni ndogo, meli ni chache na nauli haisamehi. Ndiyo maana afisa takwimu wa nchi ya visiwa humsumbua wakala wa forodha aandike nauli na bima katika sehemu zake badala ya kuvizika ndani ya bei ya ankara. Benki kuu inapoandaa urari wa malipo, yaani hesabu ya malipo kati ya nchi na dunia, inavitoa kwenye bidhaa na kuviweka kwenye huduma. Visipotenganishwa mwanzoni, vitakisiwa baadaye.

Kuna pia suala la fedha. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro: yuro 1 ni faranga 491.96775. Ankara za ukanda huu nyingi ni za dola. Dola ikiwa 1.10 kwa yuro, mzigo wetu ni faranga milioni 9.94 hivi. Mwezi ujao, kwa saruji ileile na bei ileile ya dola, jumla inaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya soko la fedha tu. Atakayesema "uagizaji umeongezeka" bila kutazama tani atakuwa anaeleza habari za dola.

Tamko la forodha ndilo shina

Hakuna karani anayesimama gatini akihesabu mifuko kwa ajili ya takwimu. Chanzo kikuu ni tamko la forodha ambalo wakala analijaza kwenye mfumo wa kompyuta ili mzigo utoke. Kila mwezi ofisi ya takwimu huchukua nakala ya matamko yote na kuondoa yasiyohusika. Kazi kubwa iko kwenye kuondoa huko.

Kila tamko lina namba ya utaratibu yenye tarakimu nne. Mbili za kwanza zinaonyesha mzigo unaingia utaratibu gani, mbili za mwisho umetoka utaratibu gani. Namba 4000 ni mzigo ulioingia moja kwa moja kwa matumizi ya ndani. Inayoanza na 70 ni mzigo unaokwenda kukaa ghala la dhamana bila kulipiwa ushuru. Ukitolewa ghalani na kulipiwa, unapata tamko jipya linaloanza na 40 na kuishia na 70 au 71, kutegemea mfumo wa nchi. Basi mzigo mmoja una matamko mawili. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2010 unapendekeza mfumo wa jumla, ambao unahesabu mzigo unapoingia nchini hata kama umelala ghalani, na kuacha ule wa kutoka ghalani. Mchambuzi asiyejua hilo atahesabu vyote viwili, na katika nchi yenye ghala moja kubwa la mafuta kosa hilo linaweza kuvimbisha uagizaji wa mwezi mzima. Mizigo ya kupita kwenda nchi nyingine haihesabiwi. Vivyo hivyo mashine iliyokuja kwa maonyesho na itakayorudi, na kontena tupu.

Halafu inakuja namba ya HS, yaani ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Tarakimu sita za kwanza ni sawa duniani kote, na nchi za Afrika Mashariki huongeza mbili. Korosho ghafi yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa ni 0801.32. Ufuta ni 1207.40, vanila nzima isiyosagwa 0905.10, karafuu nzima 0907.10. Tarakimu moja ikikosewa kwenye korosho, thamani kwa kilo itapiga kelele, kwa sababu kilo moja ya iliyobanguliwa hutokana na kilo nne hadi tano za ghafi.

Nchi nayo inakosewa kuliko watu wanavyodhani. Kwa uagizaji tunaandika nchi ya asili ya bidhaa, hata kama si iliyoandika ankara. Mchele wa Pakistani ulionunuliwa kwa mfanyabiashara wa Dubai ni wa Pakistani. Kwa mauzo tunaandika nchi ya mwisho inayojulikana wakati mzigo unaondoka. Korosho ghafi inayobadilishiwa meli Singapore ikielekea Vietnam ni ya Vietnam. Na kuna herufi mbili za alama ya nchi: KM ni Komoro, KH ni Kambodia, KR ni Korea Kusini. Kidole kikiteleza, saruji ya Mtwara imekwenda Phnom Penh. Mayotte, ambayo Waswahili huiita Maore, ina alama yake, YT, na mzigo wa huko hauandikwi KM.

Kukagua: anza na matamko makubwa

Kwenye uchumi mkubwa makosa madogo hufutana, moja likipandisha, jingine likishusha. Visiwani hakuna anasa hiyo. Matamko machache ya mafuta, mchele, magari na vifaa vya ujenzi yanaweza kubeba sehemu kubwa ya thamani ya mwezi. Kwa hiyo panga matamko yote kuanzia yenye thamani kubwa, kisha soma ya juu kwa macho, moja moja, ukilinganisha na ankara na hati ya upakizi. Kufukuzana na matamko 3,000 ya mizigo ya abiria kabla ya hapo ni kupoteza wiki.

Kipimo kikuu ni thamani gawanya kwa uzito halisi. Turudi kwenye saruji yetu: wakala akiandika 200 kwenye sehemu ya kilo, akiwa anafikiria tani, kompyuta itasoma dola 111 kwa kilo badala ya senti 11. Kosa hilo linaonekana mara moja. Gumu zaidi ni uzito ghafi, wa mzigo pamoja na vifungashio, kuandikwa mahali pa uzito halisi, kwani tofauti ni asilimia chache na inapita chini ya wavu. Gumu kuliko yote ni mafuta ya manukato ya mlangilangi, zao kubwa la Komoro. Yana madaraja manne, kuanzia lile bora kabisa hadi la tatu, bei zake zimeachana mbali, na yote yanaingia namba moja ya HS. Ukibana mipaka ya bei utakataa matamko sahihi, ukiilegeza utapitisha ya uongo. Dawa ni kupiga simu kwa msafirishaji na kumuuliza daraja. Visiwani hilo linawezekana, kwa kuwa wasafirishaji wanajulikana.

Yapo mambo ambayo tamko haliyaoni vizuri. Meli ya mafuta ikishusha tarehe 30 na nyaraka zikakamilika tarehe 3, mwezi mmoja utaonekana mkavu na mwingine umefurika, hivyo ni lazima kuwaomba waagizaji tarehe na lita zao. Ndege au boti ya abiria ikinunuliwa ni uagizaji, hata ikifika ikijiendesha yenyewe. Ikiwa imekodiwa tu kwa muda, siyo. Mafuta yanayouzwa kwa meli za kigeni zikiwa bandarini ni mauzo ya nje, na samaki walioshushwa na meli ya kigeni ni uagizaji. Boti moja ya abiria inaweza kupindua chati ya robo mwaka, na ni vizuri taarifa iseme hivyo wazi badala ya kumwachia msomaji afikiri watu wameanza kununua zaidi.

Na yako majahazi. Vyombo vya mbao hubeba vitunguu, mbuzi, sabuni, magodoro na vifaa vya ujenzi, na nyaraka zake mara nyingine ni karatasi moja ya nahodha. Njia inayotumika kwa biashara ndogo isiyo na matamko ni sampuli. Wadadisi hukaa kwenye bandari bubu na vivuko kwa siku zilizochaguliwa, wanahesabu magunia na matenga, wanapima machache kupata uzito wa wastani, wanauliza bei, kisha hesabu inakuzwa kufikia mwezi mzima. Uganda imefanya hivyo mipakani kwa miaka mingi. Kwa upande wetu, Kilambo na Mtambaswala kwenye mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, ni mahali pa namna hiyo, licha ya Daraja la Umoja kufunguliwa mwaka 2010. Hatari ni kuchagua siku za soko pekee: ukiikuza siku ya gulio mara 30, utapata biashara ambayo haijawahi kuwapo.

Zanzibar inahitaji neno lake. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali huandaa takwimu za biashara ya nje za visiwa hivyo kutokana na kumbukumbu za forodha. Lakini mzigo unaotoka Mtwara kwenda Unguja si mauzo ya nje ya Tanzania, na kuuingiza humo ni kosa.

Usiri nao huuma zaidi palipo padogo. Bidhaa ikiwa na msafirishaji mmoja au wawili tu, kuchapisha kilo na thamani ni kutangaza bei zake kwa wapinzani. Ofisi huunganisha namba hiyo na nyingine pana zaidi. Tunapoteza undani, lakini bila hivyo kampuni zitaacha kutoa taarifa za kweli.

Kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Kuna swali linalorudi kila msimu: "Mkoa wetu umeuza nje kiasi gani?" Takwimu za forodha hazijibu swali hilo. Zinaonyesha kituo ambako tamko lilipitia, wala si shamba. Ufuta wa Kilwa ukisafirishwa kwa lori hadi Dar es Salaam na kupakiwa huko, unaonekana Dar es Salaam. Makaa ya mawe ya Ruvuma yakipakiwa Mtwara yanaonekana Mtwara. Kilo za mnada wa stakabadhi ghalani nazo ni hesabu nyingine: zinaandikwa siku korosho inaponunuliwa, wakati forodha inaandika inaposafirishwa, pengine miezi miwili baadaye na baada ya mwaka kugeuka. Korosho iliyobanguliwa hapa nchini imo kwenye mnada lakini forodhani inaonekana kama bidhaa tofauti, yenye uzito wa robo hivi au pungufu.

Kitu kimoja zaidi hupotosha thamani ya korosho ghafi. Ushuru wa kuisafirisha ni asilimia 15 ya FOB au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Bei ikizidi dola 1,067 hivi kwa tani, asilimia ndiyo inayotawala, na hapo kila dola iliyofichwa kwenye ankara inampunguzia msafirishaji ushuru. Bei ikiwa chini ya hapo, kuficha bei hakumsaidii kitu, ila kuficha kilo kunamsaidia. Mkaguzi anayejua bei ya msimu anajua aanze na kipi: ankara au mizani.