"Alhamdulillah" ya mgonjwa si ripoti ya daktari

Daktari katika kliniki moja ya saratani jijini Nairobi anauliza, "Mama, unaendeleaje?" Mama mkaazi wa Pangani anajiweka sawa mtandio na kujibu, "Alhamdulillah." Daktari, ambaye huenda si Mwislamu, anaandika kuwa mgonjwa hana neno. Foleni ni ndefu, anaitwa mwingine. Kumbe huu ni usiku wa nne mama huyo hajapata usingizi.

Dhana hii potofu kuhusu mgonjwa Mwislamu ndiyo inayozaa nyingine zote: mwenye kushukuru hana huzuni. Alhamdulillah husemwa katika kila hali, hata kwenye matanga. Ni adabu ya mja kwa Mola wake, haielezi kama mtu amekula au amelala. Katika Sura Yusuf, Nabii Yaakub alihuzunika kwa kumkosa mwanawe hadi macho yakageuka meupe. Wanawe walipomlaumu, aliwajibu kwamba sikitiko lake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Na ni yeye huyohuyo, katika sura hiyohiyo, aliyesema "subira njema". Mtume (s.a.w.) naye alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akasema kuwa jicho linalia na moyo unahuzunika, ila hatutamki isipokuwa yanayomridhisha Mola wetu. Sasa yule jirani wa Eastleigh anayeingia na chupa ya chai akamwambia mgonjwa, "Usilie, utapoteza thawabu," sijui kaitoa wapi hiyo.

Huzuni ni jambo moja. Sonona, ambayo Nairobi wengi wetu tunaiita dipresheni, ni jambo jingine. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta takriban mgonjwa 1 kati ya 6 wanaotibiwa saratani ana sonona. Kuitambua si rahisi, maana kukosa hamu ya kula na uchovu huletwa na kemo, yaani dawa kali za saratani, pia. Kwa hiyo tazama mengine: hafurahii tena hata wajukuu, anajiona mzigo, amekata tamaa, na hali imedumu wiki mbili au zaidi.

Wengine husema, "Hayo ni maradhi ya wazungu, Mwislamu hayampati." Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua. Akatenga huzuni ambayo chanzo chake kinajulikana na ile inayomjia mtu bila sababu ya wazi, na hii ya pili akaona huenda inatokana na mwili wenyewe, hivyo itibiwe kwa dawa za mwili. Huyo alitangulia kliniki zetu kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Dhana inayonitisha zaidi ni hii: "Saratani ni adhabu." Watafiti wa dini na afya ya akili, akiwemo mwanasaikolojia Kenneth Pargament wa Marekani, wametofautisha namna mbili za kuiegemea dini wakati wa shida. Kuna anayemwona Mungu yuko naye, akaomba, akapata utulivu. Kuna anayeamini ametupwa au anaadhibiwa. Wa kwanza mara nyingi hustahimili vizuri zaidi; wa pili huelemewa na dhiki. Wote wanaswali, huenda msikiti mmoja. Kwa hiyo kumuuliza mgonjwa kama anaswali hakutoshi, inabidi ajulikane anamdhania nini Mola wake. Hadithi inasema Mwislamu hapatwi na uchovu, maradhi wala huzuni, hata mwiba kumchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia makosa kwa hayo. Wapo wanaoigeuza: basi nilikosa sana. Je, Nabii Ayubu alikosa nini?

Mengine nitayapitia haraka. Ruqya, yaani kisomo cha Qur'ani cha kumwombea mgonjwa, na maji ya Zamzam havizuii kemo wala mionzi. Mtume aliamrisha tujitibu. Habasoda na miti shamba mwambie daktari, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hugongana na za hospitali. Saumu ya Ramadhani mgonjwa ana ruhusa kuiacha, kwa aya ya Qur'ani, na anayeswali kitandani hajapunguza kitu. Morfini inayotolewa kwa kipimo cha daktari ni dawa, si ulevi. Nairobi Hospice, iliyo katika eneo la Hospitali ya Kenyatta, imekuwa ikihudumia wenye maumivu makali tangu 1990. Maumivu yasiyotulizwa nayo huvunja moyo, na hapo familia hudhani ni imani iliyopungua.

Sheikh na mshauri nasaha wala hawagombei mgonjwa mmoja. Sheikh mwenye busara akisikia mtu anatamani kufa, humshika mkono akampeleka hospitali.

Mimi siku hizi nikienda kumzuru mgonjwa South C, akisema alhamdulillah namwitikia. Kisha nauliza, "Na usiku, shangazi, unalala?" Mara nyingi mazungumzo huanzia hapo, na chai hupoa.