Mvinyo wa Bandol na zabibu isiyotaka haraka

Ninapowafundisha wahudumu wa hoteli habari za mvinyo mwekundu, chupa ninayoiacha hadi mwisho ni ya Domaine Tempier, shamba la mizabibu huko Bandol, pwani ya kusini mwa Ufaransa karibu na Toulon. Mvinyo huo ukiwa bado mchanga, wengi huuonja wakakunja uso, kwa maana kinywa hukauka kama cha mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Huo ni ukakasi wa tanini, itokayo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Mimi naupenda mvinyo huu kwa sababu ya ukakasi huohuo.

Zabibu yenyewe huitwa mourvèdre. Ganda lake ni nene, na huchelewa mno kuiva. Wakulima wa huko husema inataka uso juani na miguu majini. Bandol inayapata yote mawili: jua kali, udongo wa mfinyanzi na chokaa unaotunza unyevu, bahari jirani, na upepo wa mistral unaokausha majani yasishikwe na ukungu.

Hata hivyo, zabibu hii nusura itoweke hapo. Kuanzia miaka ya 1860, filoksera, kidudu kutoka Amerika Kaskazini, kilishambulia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Dawa ilikuwa kubebesha mizabibu ya kienyeji kwenye mashina ya Kiamerika, ambayo mizizi yake hustahimili. Mourvèdre haikushika vizuri. Wakulima wengi wakahamia aina zinazozaa sana, na mvinyo wa Bandol ukawa mwepesi, wa kunywewa na kusahaulika.

Ukoo wa Tempier umekuwa na shamba hilo tangu 1834. Mwaka 1936 binti yao Lucie aliolewa na Lucien Peyraud, na inasimuliwa kwamba baba mkwe alimfungulia mkwewe chupa ya zamani, ya kabla ya filoksera. Lucien alipoionja hakutulia tena. Alirudisha mourvèdre shambani kwake, akawashawishi na majirani, na mwaka 1941 jina la Bandol likapewa ulinzi wa kisheria. Leo angalau nusu ya mvinyo mwekundu wa Bandol lazima itoke kwenye mourvèdre, zabibu zichumwe kwa mkono, na mvinyo ukae ndani ya mapipa ya mbao miezi 18 au zaidi.

Hizo mbao ndizo watu hukosea. Tempier hutumia mapipa makubwa ya mwaloni, ya maelfu ya lita, yaliyokwisha kutumika miaka mingi. Pipa dogo jipya huupa mvinyo harufu ya vanila na moshi, na kwa maoni yangu huifunika mourvèdre kabisa. Pipa kubwa la zamani haliongezi ladha yake. Hupitisha hewa kidogokidogo, na ukakasi hulainika taratibu. Baada ya miaka kumi chupani, harufu ya matunda meusi huambatana na ya ngozi na majani makavu.

Ukilazimika kufungua chupa changa, imimine kwenye jagi saa mbili kabla ya mlo. Usiiache joto la chumba chetu cha pwani liipate. Nyuzi 17 zinatosha. Iandae na kondoo wa kuchoma mwenye mafuta kidogo, maana nyama na mafuta huushika ukakasi, kinywa kikabaki laini.