Lesotho: hesabu ni za randi, adabu ni za Basotho

Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Ina watu wanaozidi milioni mbili kidogo, na hata sehemu yake ya chini kabisa iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mfanyabiashara kutoka kwetu Afrika Mashariki anayeitazama anaona mkoa tu wa jirani yake. Kwenye hesabu za pesa hakosei sana. Kwenye kukaa na watu anakosea vibaya, na biashara nyingi huharibikia hapo.

Tuanze na pesa. Pesa ya Lesotho ni loti (wingi wake maloti), na ya Afrika Kusini ni randi. Loti moja ni randi moja, na randi inapokelewa dukani Maseru, mji mkuu, kama pesa ya nyumbani. Ukivuka mpaka, mambo yanageuka: maduka mengi ya Afrika Kusini hayapokei maloti. Kwa hiyo chenji ya siku ya mwisho iombe kwa randi, na mikataba iandike kwa randi.

Kwenye forodha, Lesotho iko soko moja na Afrika Kusini, Botswana, Namibia na Eswatini. Mzigo wako ukishalipiwa ushuru Durban, bandari ya Afrika Kusini, haulipiwi tena ushuru mpakani Maseru. Lakini VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni habari nyingine: ni asilimia 15, na inashughulikiwa mpakani. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu ananunua Bloemfontein, Afrika Kusini, anabaki na risiti ya kawaida badala ya ankara ya kodi yenye jina na namba za muuzaji, kisha ofisa anakosa ushahidi wa VAT iliyokwisha kulipwa. Dai ankara hiyo kabla gari halijapakiwa.

Bidhaa iliyotengenezwa Tanzania inaweza kupata nafuu ya ushuru kwa cheti cha uasili (kinachothibitisha bidhaa imetoka wapi) cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Mkenya hawezi kutumia cheti hicho, kwa kuwa nchi yake haimo SADC.

Serikali ni mnunuzi mkubwa, na sehemu nzito ya mapato yake ni mgawo wa forodha ya pamoja pamoja na mrabaha wa maji yanayopelekwa Gauteng, jimbo la Afrika Kusini, chini ya mkataba wa 1986, kutoka mabwawa kama Katse, lenye ukuta wa mita 185. Mgawo ukishuka, wazabuni husubiri malipo. Ukishinda zabuni, weka akiba ya kuendesha kazi bila kutegemea malipo ya haraka. Viwanda vya nguo vya Maseru na Maputsoe navyo hutegemea sana soko la Marekani, hivyo ushuru ukipanda kule, oda za vitambaa, nyuzi na usafirishaji hupungua huku.

Sasa adabu. Usianze na bei. Mwanamume ni ntate, mwanamke ni 'm'e, na cheo hicho kinatangulia jina hata mkishazoeana. Ukiingia ofisini sema "Lumela, ntate", muulize "U phela joang?" (u hali gani?), ngoja ajibu, naye akuulize. Mlinzi wa getini na katibu nao wasalimie hivyo hivyo. Wanaona, na wanasema. Mkono wa kulia unasalimia huku wa kushoto umeshika kiwiko au kigasha cha mkono huo. Kitu unachopewa pokea kwa mikono miwili. Msomaji wa Pwani hatapata taabu hapa, maana amelelewa kuamkia kwanza. Anayepata taabu ni yule aliyezoea kuingia na kompyuta mkononi.

Mtu akija kikaoni amejifunga blanketi la Kisotho, hiyo ni nguo ya heshima. Usimuulize kama anasikia baridi.

Na kamwe usiseme "hapa Afrika Kusini" mbele ya wenyeji, hata kwa kuteleza. Nchi hii ni ufalme wenye historia yake tangu Moshoeshoe wa Kwanza, mfalme aliyeanzisha taifa hilo, na 11 Machi, siku ya kumkumbuka, ofisi hufungwa.

Ukienda milimani kwa wafugaji, kwa ajili ya sufu au manyoya ya mbuzi wa Angora, pitia kwa chifu kwanza, hata kama leseni zote unazo. Jitambulishe, eleza umekuja kununua nini na utakaa siku ngapi. Yeye ndiye anayeweza kuitisha pitso, mkutano wa kijiji, na bei ukiitaja pale wote wanaisikia kwa pamoja. Ukinunua nyumba kwa nyumba kwa bei tofauti, wataambizana jioni hiyohiyo, na kesho hupati hata robota moja. Safari ya Mokhotlong, huko milimani, ya Juni hadi Agosti ipangie siku za ziada, kwani theluji hufunga barabara za juu.